Nesi Akishaondoka, Unabaki na Nini?

Daktari wa saratani hakutuficha kitu. Alisema ugonjwa wa titi la Shangazi umeshafika kwenye mifupa ya mgongo na nyonga, kwamba kemo nyingine ingemchosha bure, na kuanzia hapo kazi iliyobaki ni kumtuliza maumivu. Akaandika kwenye karatasi ya kumruhusu kwamba ahamie huduma shufaa, yaani ya kumtuliza maumivu na kumtunza, akapiga muhuri, tukashuka ngazi. Hakuna aliyetuambia huduma hiyo inatolewa wapi, wala nani anaitoa vizuri na nani anatafuta riziki tu. Tulirudi naye Majengo, hapa Nairobi, kwa teksi, kichwa chake mapajani mwangu, na kila shimo la Landhies Road lilimtoa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa marehemu baba, na ndiye aliyenilea. Miaka nenda miaka rudi aliuza viungo na ubani, mtaa mzima ukimwita Mama Ubani, mtu wa maneno mengi na haya nyingi pia, asiyetaka aonekane kajilaza mchana. Mimi nauza mitumba Gikomba. Nimezoea kununua beli nisiyoiona ndani: unapapasa pembeni, unatazama muhuri, unamsikiliza muuzaji anavyoapa, halafu unalipa na kumwachia Mungu. Kumtafutia mgonjwa wa namna hii watu wa kumhudumia hakuna tofauti kubwa, ila beli mbovu waweza kuiuza kwa hasara ukaanza upya wiki inayofuata.

Kampuni ya kwanza tuliletewa na jirani. Walikuja na gari lililoandikwa ubavuni, brosha ya karatasi nzito, na binti wa ofisini mwenye maneno matamu. Wakaomba amana kabla hata ya kumwona mgonjwa. Tulilipa kwa M-Pesa, michango ya ukoo, na kesho yake akaja kijana wa sare nyeupe na mkoba. Akapima presha. Akapima sukari, ingawa Shangazi hakuwa na kisukari. Akapima joto. Akajaza fomu, akaning'iniza dripu ya maji kwenye msumari wa kalenda, akaaga. Hakumuuliza anaumwa wapi.

Baada yake alikuja mwingine, na baada ya huyo mwingine tena. Kila mmoja alianza upya, "Mama, ugonjwa ulianza lini?" mpaka Shangazi akawa ananikonyeza nimjibie. Dawa zao zilikuwa panado na tramadol. Tramadol si dawa mbaya, lakini ina mwisho wake, miligramu 400 kwa siku kwa mtu mzima, na maumivu ya mfupa ulioingiliwa na saratani huupita mwisho huo mapema. Nilipotaja morfini, dawa ya maumivu makali, aliyekuwa zamu siku hiyo alinijibu kwa upole wa mtu anayemwelimisha mjinga: "Hiyo ni ya dakika za mwisho, dada. Tukimpa sasa, baadaye tutampa nini?"

Ukisikia maneno hayo kwa mtu anayejiita wa hospisi, yaani wa hii huduma shufaa, mlipe chake na umfungulie mlango. Morfini hutolewa kwa kufuata maumivu, wala haingoji kifo kikaribie. Kwa mgonjwa wa saratani haina kikomo kilichowekwa kama ile tramadol. Huongezwa polepole kadiri maumivu yanavyopanda, na mtu anaweza kuitumia miezi mingi akiendelea kula, kuswali na kugombana na wapangaji wake. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa za lazima tangu orodha ya kwanza kabisa, ya mwaka 1977. Kwa hiyo asiyeweza kuipata au anayeiogopa hawezi kusema anatoa huduma hii, hata gari lake liandikwe nini.

Usiku wa Jumamosi moja maumivu yalimzidi, nikapiga namba ya kwenye brosha. Iliita ikakatika, ikaita ikakatika, mwishowe akapokea mlinzi. Mtu mwema. Alinipa pole, akaniambia ofisi hufunguliwa Jumatatu saa mbili.

Niliomba pia namba ya usajili ya hao waliokuwa wakija. Hapa Kenya muuguzi husajiliwa na Baraza la Wauguzi, na jina lake laweza kutafutwa kwenye tovuti yao. Madaktari na vituo vyenyewe ni kazi ya KMPDC, baraza la madaktari. Yule kijana wa kwanza hakuwa muuguzi. Alikuwa mhudumu aliyefunzwa kuosha na kugeuza wagonjwa, kazi ya heshima ambayo nimeifanya kwa mikono yangu na najua uzito wake, na yeye mwenyewe hakuwahi kudai vinginevyo. Aliyemwita nesi ni invoisi.

Tukaanza kutafuta hospisi hasa. Hapo likazuka jambo la kifamilia. Ami yangu, ndugu yake Shangazi wa mwisho, aliposikia neno hospisi alisimama: "Hatumpeleki mtu wetu nyumba ya kufia." Watu wengi wana picha hiyo. Ukweli ni kwamba hospisi nyingi za Kenya hazina wodi za kulaza; mgonjwa huenda kliniki akarudi kwake, au timu humfuata nyumbani. Nairobi Hospice, ya kwanza nchini, ipo tangu 1990 kando ya Hospitali ya Kenyatta, na baada yake zimefunguliwa nyingine miji mingi, pamoja na vitengo vya huduma hii ndani ya hospitali za serikali na za mashirika ya dini. Ami alitulia alipoelewa kwamba Shangazi hatoki kitandani kwake.

Tuliowachagua siwataji. Watu huniuliza jina na mimi hukataa, kwa sababu nimeona ubora wa kazi hii unavyomfuata muuguzi na mkuu wake. Wawili hao wakihama, kibao cha nje kinabaki vilevile na ndani pameharibika. Naona faida zaidi kueleza nilivyowapima.

Kwanza niliwapigia usiku, saa nne, makusudi, kabla hawajatujua. Alipokea mwanamke, nilisikia sufuria zikigongana, alikuwa anaosha vyombo kwake. Hakuniuliza mimi ni nani wala namba yao nimeipata wapi. Aliuliza, "Anayeumwa yuko wapi sasa hivi, na ameshakunywa dawa gani?" Nikamweleza. Kisha akaniambia jambo lililonifanya niamue papo hapo: "Majengo usiku hatufiki, sitakudanganya. Gari hatuna usiku. Lakini simu hii itapokelewa, na nikishaanza kumhudumia nitakuwa nimekuachia dawa na maelezo ya kukufikisha asubuhi." Wale wa kwanza waliniahidi saa 24. Huyu aliniambia asichoweza.

Nesi atakuwa kwako saa moja, mbili akikupenda sana, mara moja au mbili kwa wiki. Saa nyingine zote ni wewe, mgonjwa na usiku. Kwa hiyo usimpime kwa anavyofanya akiwa pale, maana mbele ya watu kila mtu ni hodari. Mpime kwa anachokuachia akishavuka uani: dawa ipo? Unajua kuipima? Unajua ikizidi utaonaje, na isipotosha utafanya nini? Kuna mtu wa kupokea simu? Kwa mtihani huo kampuni ya brosha ilituachia chupa tupu ya dripu kwenye msumari.

Sista, ndivyo tulivyomwita yule muuguzi wa simu, alikuja na mwenzake wa ustawi wa jamii. Tulimtandikia mkeka kando ya kitanda akaketi chini, uso wake ukawa sawa na wa mgonjwa. Akasema, "Ningependa kukuita unavyoitwa na watu wako." "Mama Ubani," Shangazi akajibu. Basi ikawa Mama Ubani hadi mwisho. Akamwonyesha mkono: ngumi iliyofungwa ni sifuri, hakuna maumivu, vidole vyote vitano ni maumivu yasiyovumilika. "Kwa siku tatu zilizopita, Mama Ubani, yamekuwaje?" Shangazi akainua vidole vyote vitano, akanyamaza kidogo, halafu akainua na mkono wa pili.

Kipimo hicho si mchezo aliojitungia Sista. Kilitengenezwa na APCA, shirika la huduma shufaa la Afrika lenye makao Kampala, na kina maswali kumi. Saba huulizwa mgonjwa: maumivu, dalili nyingine zinazomsumbua, wasiwasi wake, kama ana mtu wa kumweleza yaliyo moyoni, kama anaona maisha yana thamani, kama ana amani, kama familia imesaidiwa kupanga ya mbele. Matatu ni ya anayemuuguza. Sikuwa nimetarajia kuulizwa lolote. Sista alinigeukia akauliza nimepewa maelezo kiasi gani, najiamini kiasi gani kumtunza, na nina wasiwasi kiasi gani. Kwenye kujiamini nilitoa kidole kimoja. Namba zote akaziandika kwenye daftari la shule, na daftari akaliacha pale kwetu, juu ya kabati. Aliporudi alianzia kwenye daftari, na alipokuja mwenzake wakati yeye yuko likizo, mwenzake naye alilisoma kwanza. Shangazi hakusimulia ugonjwa wake upya tena.

Morfini yenyewe ni maji tu, chungu kama shubiri, ambayo mfamasia huichanganya kutoka kwenye unga. Ratiba yetu ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, na saa nne usiku dozi mara mbili ili yeye na sisi tulale mpaka alfajiri. Huingoji maumivu yaamke ndipo utoe. Yakichomoza katikati, kulikuwa na dozi ya ziada, nayo unaiandika kwenye daftari pamoja na saa. Sista akija anahesabu hizo za ziada, anaona dozi ya kawaida inapungua wapi, anamwuliza daktari wao, inapandishwa. Kwa mara ya kwanza niliona mtu akitumia nilichoandika.

Pamoja na chupa ile alitoa dawa ya choo, palepale, bila kuombwa. Morfini hufunga choo karibu kwa kila mtu, na tofauti na kichefuchefu na usingizi ambavyo hupoa baada ya siku chache, kufunga choo hakuishi. Siku hizi mtu akiniambia mgonjwa wake amepewa morfini, swali langu la kwanza ni hilo: umepewa na ya choo? Anayetoa ya kwanza bila ya pili ama hajasoma ama hajali.

Akanipa bomba la sindano lisilo na sindano na kikombe cha maji, nikapima mbele yake mpaka akaridhika. Kisha akamwita Ami, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na kanzu yake, amekunja uso. "Mzee, naomba na wewe upime." Ami akasema hiyo ni dawa ya kulevya, dada yake ataizoea, tena itamwondoa kabla ya siku yake. Nimeona wahudumu wakimjibu mzee wa watu kwa kumnyamazisha. Sista alimwambia, "Hofu yako ni ya mtu anayempenda dada yake. Kaa nikueleze." Akamweleza kwamba anayeitumia kwa maumivu, kwa kipimo, haitafuti kama mlevi anavyotafuta chang'aa, kwamba mwili ukishaizoea haikatizwi ghafla, hupunguzwa taratibu, kwamba dalili ya kuzidi ni usingizi usioamshika na pumzi chache zinazokuja polepole, na akiona hivyo asimpe nyingine, apige simu. Ami akapima. Toka siku hiyo saa za dawa zikawa zake. Ukichelewa dakika tano anakuuliza kama umekufa wewe.

Sasa kidonda. Nitakisema, kwa sababu ndicho kinachotenganisha watu wa kazi hii, na ndicho brosha hazikitaji. Titi la Shangazi lilikuwa limepasuka, na harufu ilikuwa imeijaza nyumba. Yeye mwenyewe aliyefukizia nusu ya Majengo alikuwa anachoma ubani asubuhi hadi jioni kuificha, wageni wakakohoa kwa moshi na harufu ikabaki palepale. Alikuwa ameanza kukataa watu wasiingie. Wale wa kwanza walivaa barakoa mbili, wakafunika kwa pamba na plasta, na plasta ilipobanduliwa ilitoka na ngozi. Sista aliomba maji yaliyochemshwa yakapoa, akatia chumvi, akalowanisha kitambaa mpaka kikaachia chenyewe. Akanitaka nilete vijiko viwili. Akaweka vidonge vya metronidazole katikati ya vijiko, akavisaga vikawa unga, akanyunyiza ule unga kidondani, akafunika kwa vipande vya kanga kuukuu tuliyokuwa tumeifua na kuipiga pasi. Wakati wote huo alikuwa anamwuliza bei ya karafuu.

Metronidazole ipo kila duka la dawa na bei yake ni ya soda. Huua vijidudu vinavyotoa ile harufu. Baada ya siku chache ubani ukarudi kuchomwa kwa sababu zake za kawaida, jioni, na mashoga zake wa zamani wakarudi kuketi kitandani kwake wakimsengenya imamu. Najiuliza mpaka leo kwa nini hospitali kubwa tuliyopita, yenye mashine za mamilioni, haikuwa na mtu wa kutuambia habari ya vijiko viwili.

Sitasema Sista alikuwa malaika. Alikuwa na haraka baadhi ya siku, na mara moja alimsemesha binti wa Shangazi kwa ukali kwa sababu ya kumlisha uji mgonjwa aliyelala chali. Baadaye alieleza: anayekaribia mwisho hali chakula kwa sababu mwili umefunga kazi hiyo, na kumshindilia kunampalia. Hilo lilikuwa gumu kumeza kwetu sisi, maana mtu wa kwetu kumnyima chakula mgonjwa ni kama kumtupa. Ila lilihitaji kusemwa mapema na kwa upole zaidi, na hapo nawapunguzia alama.

Ramadhani ya 2025 ilitukuta humo humo, na Shangazi akatangaza anafunga. Sista ni Mkristo, na ningemwelewa kama angesema tu haiwezekani. Akamwuliza, "Imani yako inamwambiaje mgonjwa, Mama Ubani?" Halafu akatuomba tumlete imamu, akakaa naye uani wakazungumza: yeye akaeleza kwamba maji ya morfini ni kila baada ya saa nne, kwamba vipo vidonge vinavyoachia dawa polepole vinavyomezwa kila baada ya saa kumi na mbili lakini bei yake ni nyingine kabisa, na kwamba Shangazi ameshaanza kushindwa kumeza vidonge. Imamu akaingia ndani akamkumbusha Shangazi ruhusa ya mgonjwa na fidia ya kulisha maskini. Hakupenda. Alisema amefunga tangu yuko msichana. Lakini alikubali, na kila magharibi alitaka aone sahani ya futari ikitoka kwenda kwa mjane wa nyumba ya pili, na alikuwa anakagua kama nyama imetiwa ya kutosha. Kama hospisi haina swali la dini kwenye fomu yake ya kwanza, au inalo na halifuatiwi na lolote, litazame hilo.

Kuhusu pesa nitasema kifupi. NHIF, bima ya afya ya serikali, ilikuwa imeondoka Oktoba 2024 na SHA imeingia, na kwenye kaunta hata wahudumu walikuwa wanaulizana. Omba orodha ya malipo kwa maandishi, kitu kwa kitu: ziara, dawa, vifaa, usafiri. Uliza SHA inalipa kipi hasa kwao, usikubali "tunapokea SHA" peke yake. Uliza amana inarudishwa vipi mgonjwa akifariki kesho. Kampuni ya kwanza ilinipa jibu la kunizungusha, na pesa ile haikurudi. Hospisi walitulipisha kidogo kwa kila ziara, na msichana wa ustawi wa jamii aliuliza bila kutuaibisha kama hata hicho tunakimudu.

Walipokosea kweli ni wikendi ya Idd. Dozi ilikuwa imepandishwa katikati ya wiki, chupa ikawa inaisha haraka kuliko walivyohesabu, na kliniki yao imefungwa kwa sikukuu. Jumapili jioni Ami alitikisa chupa mbele ya taa akaniita. Morfini si dawa ya kukimbilia duka la mtaani. Iko chini ya sheria ya mihadarati ya 1994, inahitaji agizo la daktari, na maduka mengi hayaiweki kabisa. Simu ilipokelewa, hilo nawapa. Sista alimsaka daktari wao, barua ikatumwa kwa simu, na mimi nikavuka mji usiku na bodaboda hadi hospitali iliyokuwa nayo, nikasimama dirishani kwa mfamasia aliyeisoma barua ile mara tatu. Nilirudi kabla dozi ya saa nne haijapita sana. Familia isiyo na mtu wa kutuma ingefanyaje? Tangu hapo nawashauri watu waulize: dawa ikiisha siku ya sikukuu, inatoka wapi, na nani anahesabu?

Aliondoka mwezi wa nne, alfajiri, baada ya usiku ambao pumzi zake zilikuwa na mkoromo wa maji. Nilipiga simu. Sista aliniambia tumlaze ubavu, tumfute mdomo kwa kitambaa chenye maji, tuendelee na dawa kidogo kidogo shavuni kama tulivyofunzwa, na kwamba sauti ile inatusumbua sisi kuliko inavyomsumbua yeye. Tukamgeuza kuelekea kibla. Ami alikuwa anamsomea.

Hapo ndipo barua ilipotusaidia. Kifo cha nyumbani huandikishwa kwa naibu wa chifu, na kibali cha mazishi hutoka huko. Bila karatasi ya kueleza ugonjwa waweza kuzungushwa hadi polisi. Kwa sisi tunaozika siku hiyohiyo kuzungushwa ni mtihani. Hospisi ilikuwa imetuandikia barua wiki kadhaa nyuma, ikieleza maradhi na kwamba kifo kinatarajiwa nyumbani, na Sista alikuwa amesisitiza ikae ndani ya lile daftari. Naibu wa chifu aliisoma amesimama. Kabla ya alasiri tulikuwa makaburini Kariokor.

Baada ya arubaini Sista alikuja kutoa pole, na kuchukua morfini iliyobaki, kwa maana haifai kuachwa kwenye nyumba ya watu. Aliipima, akaandika kiasi, mimi na yeye tukatia sahihi. Kisha akatoa kalamu tena akaniuliza tulikosewa wapi. Nikamtajia wikendi ya Idd na yale maneno ya ukali ya uji. Akaandika yote mawili, akaniuliza kama kuna jingine. Nikamwambia lipo: simu zao zilikuwa zinakuja kwangu tu, na mimi mchana niko Gikomba katikati ya kelele, sisikii, waandike namba mbili kwa kila nyumba, na moja iwe ya yule anayeshinda na mgonjwa. Akasema fomu yao ina nafasi ya namba moja. Nikamwambia basi andikeni ya pili pembeni mpaka hiyo fomu ibadilishwe.